Fungua Hedifoni, Uhesabu Spika

Boksi limeandikwa 7.1 kwa wino unaong'aa, na kando yake kuna picha ya kichwa kilichozungukwa na miduara kama sayari. Basi chukua bisibisi. Fungua kikombe cha kushoto: spika moja. Fungua cha kulia: spika moja. Moja na moja ni mbili, hata Makupa. Zile tano zilizobaki, pamoja na ile ya besi, ziko wapi? Hazikuibiwa bandarini Kilindini. Hazikuwahi kuwemo.

Ziko hedifoni chache duniani zilizowahi kutengenezwa zikiwa na spika kadhaa ndogo kila upande. Zilikuwa nzito, ghali, na hazikushika soko. Si hizi unazoziona zikining'inia kwenye maduka ya simu ukishuka na barabara ya Jomo Kenyatta kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari, zenye taa za rangi tatu na jina la mnyama mkali. Hizi zina spika mbili. Neno "7.1" ni stika. Na kijana anayebeba mizigo siku kadhaa ili apate elfu mbili na kitu, anailipia ile stika.

Katika jambo hili nagombana na pande mbili. Upande wa kwanza ni wauzaji, na nyuma yao waagizaji, na nyuma yao viwanda. Upande wa pili ni wajuaji wa maskani, wale ambao ukitaja saraundi ya hedifoni wanacheka na kusema, "Hiyo yote utapeli tu, mwanangu, masikio ni mawili." Hawa wa pili wanakera zaidi, manake wamekaribia ukweli kisha wakaupita. Masikio ni mawili, ndiyo. Na hiyo ndiyo sababu saraundi ya hedifoni inawezekana.

Hebu tupange. Simama kwenye mzunguko wa Makupa saa kumi na mbili unusu jioni, ufumbe macho. (Shika simu yako vizuri, lakini fumba.) Tuktuk inapita kushoto. Lori la kontena laja nyuma yako, latoka upande wa daraja. Kuliani makanga anaita Changamwe na Mikindani. Adhana ya magharibi yaanza msikiti mmoja, kisha wa pili, na wewe wajua upi uko karibu na upi uko mbali. Macho yamefungwa lakini ramani nzima imo kichwani. Na vifaa ulivyotumia ni viwili. Mungu hakukupa 7.1. Alikupa mbili, akakupa na ubongo wa kuzifanyia hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya wakati. Tuktuk ikiwa kushoto, sauti yake hugonga sikio la kushoto kwanza, kisha huzunguka kichwa ifike la kulia. Katika hewa ya joto kama yetu sauti hwenda karibu mita 350 kwa sekunde, na safari ya kuzunguka kichwa ni sentimita ishirini na kidogo. Tofauti kubwa kabisa baina ya masikio mawili ni kama mikrosekunde 650. Haifiki hata elfu moja ya sekunde, na bado ubongo unaipima. Hali ikiwa nzuri, mtu hutambua tofauti ya mikrosekunde 10 hivi. Wewe unayejiita mbovu wa hesabu, unafanya hii kila ukivuka barabara.

Hesabu ya pili ni ya nguvu. Kichwa ni kizuizi, kinatia kivuli. Sauti nyembamba za juu haziwezi kukizunguka vizuri, kwa hivyo sikio la mbali hupata kidogo. Mwingereza Lord Rayleigh aliziunganisha hesabu hizi mbili mwaka 1907: kwa sauti nzito ubongo hutegemea wakati, kwa sauti nyembamba hutegemea nguvu. Wanafizikia bado wanasoma alichoandika.

Lakini sikiza, hapa pana tatizo. Lori lililo mbele yako sawasawa na lori lililo nyuma yako sawasawa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Rayleigh hawezi kukuokoa. Kinachokuokoa ni ile mikunjo ya sikio la nje, lile gegedu ambalo mwalimu alikuwa akilivuta ukichelewa shule. Sauti ikitoka mbele hugonga mikunjo kwa namna moja. Ikitoka nyuma au juu, kwa namna nyingine. Kila mgongano hupunguza baadhi ya sauti nyembamba na kuzidisha nyingine, hasa kuanzia karibu Hz 5,000 kwenda juu. Ubongo umezoea alama hizo tangu utotoni. Ukizisikia tu, unajua: hili liko nyuma, ruka.

Wazee husema sikio halipiti kichwa. Katika fani hii sikio, kichwa na mabega hufanya kazi pamoja, na kazi yao yote yaweza kupimwa. Mtu hukalishwa kwenye chumba kisicho na mwangwi, akatiwa maikrofoni ndogo masikioni, kisha spika ikalia kutoka kila pembe: mbele, nyuma, juu, kando. Kwa kila pembe unaandika: sauti ilifikaje kushoto, ilifikaje kulia. Ukimaliza unayo ramani ya kichwa kile. Kwenye menyu za gemu ramani hiyo huandikwa kwa herufi nne, HRTF. Ukishakuwa nayo, waweza kuchukua sauti yoyote ile, hatua za mtu kwa mfano, ukaipitisha kwenye kichujio cha "nyuma kulia", na anayesikiliza kwa hedifoni ya kawaida akageuka nyuma. Hakuna mtu nyuma yake. Ubongo umepata alama zilezile ambazo mtu wa kweli angeziacha.

Hii si ndoto ya juzi. Mwaka 1881 Clément Ader aliwasikilizisha watu muziki wa Opera ya Paris kupitia waya za simu, kila mtu na vipokezi viwili, kimoja kila sikio, na watu walisikia waimbaji wakihama jukwaani. Mwaka 1972 Wamarekani walikuwa wamemtengeneza KEMAR, sanamu ya kichwa na kifua yenye masikio ya mpira, kwa vipimo vya wastani vya mtu mzima. Mwaka 1994 Bill Gardner na Keith Martin wa MIT walimpima KEMAR kutoka pembe 710, wakayatoa matokeo bure kwa anayetaka. Bure, tafadhali likumbuke hilo neno.

Sasa tuje kwenye stika. Gemu au filamu yenye saraundi hutoa chaneli nane: ya katikati mbele, mbili za mbele, mbili za ubavuni, mbili za nyuma, na moja ya besi. Programu ya hedifoni hujifanya kana kwamba umekaa sebuleni kwa tajiri mmoja wa Nyali, spika saba zimekuzunguka. Kila spika ya kuigiza hupewa pembe yake, na sauti yake hupitishwa kwenye vichujio viwili, kimoja cha sikio la kushoto na kimoja cha kulia. Saba mara mbili ni vichujio 14. Besi haina mwelekeo wa maana, hutiwa pande zote. Mwishowe vyote hujumlishwa vikawa chaneli mbili, vikaingia kwenye zile spika zako mbili. Yamekwisha. Hiyo ndiyo siri yote ya boksi lenye wino unaong'aa.

Waona kosa liko wapi? Kazi yote imefanywa na programu. Hedifoni haikufanya lolote ila kutoa sauti, kama hedifoni yoyote. Ndo maana Microsoft ilipotia Windows Sonic ndani ya Windows 10 mwaka 2017 haikuuza hedifoni nayo. Iko hapo kwenye kompyuta yako sasa hivi, bure. Bonyeza alama ya spika utaikuta. Sony walipotoa PlayStation 5 mwaka 2020 wakiwa na sauti yao ya 3D, walisema itafanya kazi na hedifoni za kawaida. Kampuni mojawapo ya kubwa kabisa kwenye gemu inakwambia hedifoni ya kawaida yatosha, na mtu wa dukani anakwambia uongeze elfu moja na nusu kwa ajili ya 7.1. Wewe umemwamini nani?

Tena kuna jambo baya zaidi ya hilo. Hedifoni nyingi za aina hii hutegemea programu inayowekwa kwenye kompyuta, kwa waya wa USB. Hedifoni ileile ukiichomeka kwa jeki ya kawaida kwenye simu au kwenye kidhibiti cha PlayStation, hakuna 7.1 yoyote. Hakuna chaneli nane zinazofika. Sasa niambie, kati ya vijana kumi unaowajua hapa kisiwani, wangapi wana kompyuta ya gemu nyumbani? Wengi wetu twacheza kwa simu, au twalipia kibandani kwa mechi. Yaani sehemu kubwa ya wanaonunua ile stika hawana hata mahali pa kuitumia. Mimi nilimuuliza muuzaji mmoja hivi: hii 7.1 itafanya kazi kwenye simu? Akajibu, "Itafanya, bora uweke sauti juu." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki chatembea na taa za rangi.

Na kibandani twacheza nini? Mpira. FIFA, siku hizi ikiitwa EA FC. Kamera iko juu ubavuni mwa uwanja, mtangazaji anapiga kelele, mashabiki wanaimba. Hakuna beki wa Arsenal atakayekunyemelea kutoka nyuma ya kisogo. Au Tekken, ambayo Mkenya Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliifanya kazi: wapiganaji wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, wote mbele ya macho yako. Saraundi katika gemu hizi ni kama kufunga breki nne kwenye mkokoteni. Inapofaa ni kwenye gemu za bunduki za kuonea kwa macho ya mchezaji, ambako hatua za adui kwenye ngazi ni habari ya uhai na kifo. Hata huko, gemu nzuri hujifanyia yenyewe. Counter-Strike iliwekewa HRTF yake mwaka 2016, ndani ya menyu ya sauti, bila malipo. Gemu hujua kila hatua iko wapi hasa, kwa hivyo huipa kichujio cha pembe yake kamili, badala ya kuipitisha kwanza kwenye spika saba za kubuni.

Halafu jamaa huwasha ile ya gemu na ile ya hedifoni kwa pamoja. Kichujio juu ya kichujio. Ni kama kuchuja chai mara mbili kisha kushangaa mbona haina ladha. Sauti ya adui iliyokwisha kuwekwa nyuma kulia hufungwa tena kwenye spika ya mbele ya kuigiza, mikwaruzo ya juu yote iliyobeba alama za mwelekeo huharibika, na jamaa hulaumu mtandao. Chagua moja, uzime nyingine. Ushauri huu haukupi mtu faida ya kukuuzia kitu, ndiyo maana hukuambiwa.

Nimesema wauzaji wanadanganya kuhusu spika. Uongo wao mkubwa zaidi uko kwenye neno jingine la boksi, "sauti halisi." Halisi kwa kichwa cha nani? Ramani iliyomo ndani ya programu imepimwa kwenye kichwa cha sanamu, au cha mtu fulani maabara, au ni wastani wa vichwa kadhaa. Elizabeth Wenzel na wenzake wa NASA walichapisha utafiti mwaka 1993: waliwasikilizisha watu sauti zilizopitishwa kwenye ramani ya masikio ya mtu mwingine. Kushoto na kulia watu walipata vizuri. Juu na chini, na hasa mbele na nyuma, makosa yaliongezeka. Yaani programu hufanya vizuri kile ambacho stirio ya kawaida tayari inakifanya, na hukosea kwenye kile kitu kimoja ulichokilipia.

Najua hapa wako wanaotaka niseme kwamba teknolojia imepimwa kwa masikio ya wazungu na Mwafrika ameachwa nje. Hoja hiyo ni tamu, ingenipa makofi, lakini siichukui. Chuo Kikuu cha California kule Davis kilitoa mwaka 2001 ramani za vichwa 45, vikiwemo viwili vya KEMAR mwenye masikio makubwa na madogo. Ukizitazama, jambo linalokugonga ni jinsi kila mtu alivyo mbali na jirani yake. Sikio lako halifanani hata na la ndugu yako mliyelala naye kitanda kimoja Majengo. Tatizo si kwamba wametupima sisi vibaya. Tatizo ni kwamba hawajampima mnunuzi yeyote, popote, kisha wakaandika "halisi". Sony, angalau, waliona haya: PlayStation 5 ilikuja na ramani tano, uchague inayokaribiana na kichwa chako. Tano kwa dunia nzima ni chache, lakini ni kukiri kwamba moja haitoshi.

Mjuaji wa maskani sasa anatabasamu. "Si nilisema ni utapeli?" La, hukusema hivyo, na bado umekosea. Ubongo hujifunza. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi waliwatia watu vipande vya plastiki ndani ya mikunjo ya masikio, na siku ya kwanza watu wale walipoteza kabisa uwezo wa kujua sauti iko juu au chini. Waliendelea kuvivaa wakienda na maisha yao, na ndani ya wiki sita uwezo ulikuwa umerudi. Vipande vilipotolewa, masikio yao ya zamani yalifanya kazi palepale, kama lugha mbili kichwani. Maana yake ni kwamba ramani isiyo yako yaweza kuzoeleka, bora ubaki nayo. Anayebadilisha kiwango cha sauti na aina ya saraundi kila usiku akitafuta bahati hajawahi kuupa ubongo wake nafasi.

Tena kuna dawa ya mbele na nyuma ambayo haiuzwi. Mwaka 1940 Hans Wallach alionyesha kwamba mtu aliyechanganyikiwa hugeuza kichwa kidogo tu, na mkanganyiko huisha: sauti iliyo mbele husogea upande mmoja, iliyo nyuma husogea upande wa pili. Ndivyo ufanyavyo Ndia Kuu, njia nyembamba, kuta ndefu, pikipiki inavuma na huijui inatoka wapi. Shingo yajigeuza kabla hujaamua. Kwenye gemu shingo yako ni kidole gumba. Ukisikia hatua, geuza kamera nyuzi chache kushoto, kisha kulia. Waliobobea hufanya hivyo bila kujua. Wewe ulidhani wana hedifoni bora.

"Lakini nikiwasha 7.1 nasikia tofauti, wallahi." Sikatai. Programu nyingi hizi huongeza besi, huongeza nguvu ya sauti, na hutia mwangwi wa chumba ili uhisi nafasi. Tofauti na ubora si ndugu. Kwa hivyo fanya mtihani, hauhitaji maabara. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi wa gemu yako. Fumba macho, rafiki yako ashike kidhibiti, azunguke chanzo cha sauti na kusimama, mara mbele, mara nyuma, asikwambie. Nyoosha kidole. Fanya mara 20 ukiwa na 7.1, na 20 ukiwa na stirio tupu, bila kujua ipi ni ipi. Anayebahatisha tu mbele au nyuma atapata kama kumi. Ukipata kumi na moja kwa 7.1, umejibiwa. Ukipata kumi na nane, hongera, kichwa chako kimekaribiana na cha sanamu. Itumie, lakini usimwambie rafiki yako anunue bila naye kufanya mtihani.

Na tukiwa hapo kwenye "weka sauti juu", acha niseme jambo ambalo si la mzaha. Shirika la Afya Duniani na ITU waliweka mwaka 2019 kiwango cha usikilizaji salama kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kibanda cha gemu kilicho kando ya barabara, feni inanguruma, matatu inapiga honi, mchezaji anapandisha sauti ili asikie hatua. Zile sauti nyembamba za juu, zilezile ambazo mikunjo ya sikio huzitumia kukwambia mbele na nyuma, ndizo ambazo sikio lililoumizwa na kelele hupoteza mapema. Kwa hivyo unalipia saraundi kwa mkono mmoja, unaiua kwa mkono wa pili. Sikio la binadamu halina dhamana ya miezi sita wala halirudishwi dukani.

Kwa nini nagombana hivi kwa kitu cha kuchezea? Kwa sababu sayansi hii ni kubwa kuliko mchezo, na stika inaidhalilisha. Mwaka 2018 Microsoft walitoa programu ya simu, Soundscape, iliyokuwa ikimpa mtu asiyeona alama za sauti kutoka mahali palipo duka, kona, kituo, akivaa hedifoni. Mwaka 2023 waliacha kuiendesha wakaufungua msimbo wake kwa umma. Mzunguko wa Makupa wahitaji kitu kama hicho kuliko unavyohitaji hedifoni nyingine yenye taa. Na upande wa pili, yuko anayesikia kwa sikio moja tu. Kwake vichujio 14 ni sifuri. Kilichomfaa ni Fortnite kuonyesha sauti kwa alama kwenye skrini: hatua huku, bunduki kule. Hii nayo ni bure, na haina stika.

Iko pia hadithi ya Aureal, ambayo kila anayependa fani hii aijue. Mwaka 1997 walikuwa na A3D, teknolojia ya kadi za kompyuta iliyokuwa ikiweka sauti za gemu kila upande kwa hedifoni mbili za kawaida. Mwaka 1998 Creative waliwashtaki kwa madai ya hataza. Aureal walishinda kesi mwaka 1999, lakini gharama za mawakili ziliwamaliza. Mwaka 2000 walifilisika, na walionunua mali zao ni Creative haohao. Zaidi ya miaka 25 baadaye tunauziwa kama jipya kitu ambacho kijana wa 1998 alikuwa nacho, tena kwa ubora ambao stika nyingi za leo hazifikii.

Mimi si injinia. Chuo niliacha kabla ya mahafali, na haya nimeyasoma kwenye makala ambayo yeyote mwenye bando anaweza kuyasoma. Kwa hivyo muuzaji asiniambie mambo ni magumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, na haki ya habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Hizi hazikuandikiwa unga na mafuta peke yake. "7.1" kwenye boksi la spika mbili, bila neno "ya kuigiza", bila kusema inataka kompyuta, ni maelezo ya kupotosha. Naomba Mamlaka ya Ushindani anieleze kama nimekosea.

Ninachotaka ni kidogo. Waagizaji: andikeni kwa Kiswahili idadi ya spika, na kwamba saraundi ni ya programu, na programu hiyo inafanya kazi kwenye vifaa gani. Wanaotathmini hedifoni mtandaoni: acheni kusema "nasikia kila kitu kila upande" mkiwa mmetumiwa boksi bure, fanyeni ule mtihani wa kidole mbele ya kamera. Wenye vibanda: nunueni hedifoni zinazoziba kelele ya nje, wateja wasihitaji kupandisha sauti.

Na wewe unayekwenda dukani Jumamosi hii, uliza maswali matatu kwa sauti, wateja wengine wasikie. Ina spika ngapi? Hiyo 7.1 iko kwenye hedifoni au kwenye programu? Nikiichomeka kwenye simu yangu, itabaki? Kisha vaa, sikiliza wimbo unaoujua vizuri, uone kama waimbaji wa kushoto na wa kulia wametengana, kama sauti nyembamba zasikika bila kuchoma, kama masikio hayapati jasho baada ya dakika kumi. Ikifaulu, nunua, hata kama boksi lake halina picha ya sayari. Tofauti ya bei ibaki mfukoni mwako.